Mwisho wa Filamu ya Bata

Machi 2, Jumatatu

Mvua imeanza leo saa nane mchana, filamu mpya imeanza saa tisa. Mvua imepata watu wengi zaidi.

Nieleze kazi yangu, maana daftari hili ni jipya na halinijui. Mimi ni mfagiaji wa ukumbi wa sinema, na ndimi mwenye taa. Swichi zote ziko kwenye kabati nyuma ya pazia la mlango wa kutokea. Filamu ikianza, nazima. Skrini ikiwa nyeusi mwishoni, nawasha. Watu wanashtuka, wanakumbuka kwamba wana makwao, wanatoka. Nafagia. Kati ya kuzima na kuwasha natazama, na kwa miaka kumi na moja hiyo ndiyo shule yangu, kwa sababu ile nyingine iliishia darasa la nne. Kusoma nilijifunzia kwenye maandishi ya chini ya picha. Ndiyo maana nasoma haraka: ukizubaa yanaondoka.

Filamu yenyewe ni ya kuchekesha. Mwanamume anamwambia mkewe anatoka kununua kiberiti. Anarudi baada ya miaka minne, hana kiberiti, kabeba bata. Hapo katikati anaangukia pipa la rangi, anatoroka kwa gauni la mtu, anakaribia kuoa kwa bahati mbaya. Mwishoni anafika mlangoni kwake mvua inanyesha, anapiga magoti kwenye dimbwi, anamnyanyua bata juu kama zawadi. Mke anafungua. Anamtazama. Kisha anacheka, kicheko kirefu, kichwa nyuma. Skrini inakuwa nyeusi. Nikawasha taa.

Makofi. "Kamsamehe!" mama mmoja alimwambia mwenzake, akifunga mwavuli aliotakiwa kuufungua.

Mimi nikaokota maganda ya karanga.

Machi 3

Watu kumi na wanne. Wote wamemsamehe.

Machi 7, Jumamosi

Msimu huu ni adui wa mdogo wangu. Yeye ni dobi. Anafulia hoteli mbili, na hoteli haijali mbingu zinafanya nini. Inataka mashuka sitini yakiwa makavu kila baada ya siku mbili. Basi nyumba nzima imefungwa kamba. Kwenda jikoni unainama mara saba. Nikiamka usiku nakutana na foronya usoni. Kila kitu kina harufu ya sabuni na unyevu, hata mkate.

Naishi kwake; chumba changu ni cha mbele, chenye dirisha. Nilihamia miaka sita iliyopita, siku mume wake aliposema anakwenda mara moja kuangalia kama maji yamerudi bombani. Maji yalirudi siku hiyohiyo, saa kumi alasiri.

Nimeandika sentensi hiyo bila kukusudia. Ni filamu hii. Mtu akiiangalia mara mbili kila siku, mambo yanaanza kufukunyuka.

Machi 11, Jumatano

Amerudi.

Nilikuwa nakunja mashuka na mdogo wangu, yeye ncha ile mimi ncha hii. Mlango ukagongwa kwa mtindo, ko-ko, ko, nami nikadhani ni dereva wa hoteli. Akaingia yeye, mzima wa afya, tumbo limeongezeka, amevaa shati jipya ambalo bado lina mikunjo ya dukani.

"Shemeji!" akaniambia. "Hujazeeka hata siku moja!"

"Wewe umezeeka," nikamwambia. "Karibu, mteja. Nguo ziko wapi?"

Akacheka. Huyu mtu hucheka kama anayepewa zawadi. Mdogo wangu alikwenda kwenye pasi, akachukua shuka tulilokwisha kulipiga, akalipiga tena. Halafu akalipiga mara ya tatu.

"Sikuja kwa ubaya," akasema mgongoni mwake. "Nimekuja nikiwa na moyo wangu mkononi."

Mdogo wangu akasema, bila kugeuka, "Usikanyage hilo shuka lililo chini."

Basi. Miaka sita, na hayo ndiyo maneno. Akaondoka akisema amepanga kwa rafiki yake mtaa wa pili, hana haraka. Mlangoni akanikonyeza. "Kwako kunaonyeshwa ile ya bata, eh? Huko nilikokuwa imeonyeshwa wiki nane. Nimeiona mara tatu."

Kwa hasira nikashindwa hata kukunja foronya. Mara tatu! Huyu hakurudishwa na moyo. Ameketi gizani mahali fulani, akaona mwanamke wa kwenye picha anacheka, akasema: kumbe inawezekana.

Machi 12

Mvua. Sikulala. Mdogo wangu alilala, au alijifanya.

Machi 16, Jumatatu

Mama yangu hajawahi kukanyaga ukumbi wangu kwa miaka kumi na moja. Anasema giza linamuumiza magoti. Leo kaja saa tisa, kashikwa mkono na mkwe wake kama bibi harusi, kaketishwa mstari wa tatu. Magoti, inaonekana, yamepona.

Nilipowasha taa alikuwa anafuta machozi ya kicheko. Nikamfuata na ufagio wangu.

"Umeona, mwanangu?" akasema. "Umemwona mwanamke mwenye akili? Hakupayuka, hakuita wazee. Kacheka, yakaisha."

"Mama, ile ni filamu."

"Na wewe maisha umejifunzia wapi?"

Shemeji akainama kufunga kamba za viatu ambavyo havikuwa na kamba. Mabega yalikuwa yanamtikisika.

Nilifagia mstari wa tatu mara mbili. Nilitaka kufagia na waliokaa.

Machi 19

Imekuwa wimbo wa mtaa. Muuza magazeti: "Dada, si mdogo wako acheke naye tu, yaishe?" Mwanamke wa duka la vifungo: "Wanaume wangapi wanarudi?" Hata dereva wa hoteli, aliyekuja kuchukua taulo, kamwambia mdogo wangu, "Yule wa kwenye sinema alikuwa na bata, mama. Wako kaja na nini?"

Mdogo wangu akamhesabia taulo zake. "Arobaini. Saini hapa."

Wote wanamalizia na kile kicheko. Kama vile mwanamke akishacheka, ameshatia saini.

Machi 20

Mvua. Mvua. Mashuka mawili yameota madoa ya ukungu, hoteli imeyarudisha.

Machi 25, Jumatano

Leo nimemkabili. Alikuwa chumba cha kusubiria, anawahadithia wauza tiketi jinsi alivyowahi kulala ndani ya boti iliyopinduliwa. Wamekufa kwa kucheka. Nami karibu nicheke, hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Mjinga huyu anajua kusimulia.

Nikamwita pembeni, karibu na ndoo tunazokingia paa linalovuja.

"Unataka nini kwa mdogo wangu?"

"Mke wangu, shemeji. Unamwita mdogo wako, mimi namwita mke wangu, sote tuko sawa."

"Alikuwa na beseni mbili ulipoondoka. Sasa ana mashine tatu na hoteli mbili. Umesikia habari hiyo kabla ya moyo kukujia mkononi, au baada?"

Hakukasirika. Angekasirika ningemheshimu. Alinitazama kwa huruma, kweli, kwa huruma, akasema taratibu, "Dada mkubwa, tusidanganyane. Mimi na wewe tunagombea chumba kimoja. Chenye dirisha."

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika, maana daftari hili nalipenda.

Saa hizi niko kwenye hicho chumba chenye dirisha, na hasira haijashuka kwa sababu nusu ya alichosema ni kweli. Nilikuja kumliwaza mdogo wangu wiki moja. Wiki hiyo ina miaka sita. Akirudi huyu, mimi nitaambiwa kwa upole, "Dada, si unajua nyumba ni ndogo." Najua. Lakini nusu ya pili, kwamba nagombea chumba tu, ni uongo, na nitakufa nikiikana nusu hiyo.

Machi 30, Jumatatu

Mjomba ameitisha kikao. Alikuwa karani wa mahakama miaka thelathini, hajawahi kuhukumu hata kuku, lakini alipostaafu alitoka na sauti ya jaji. Itakuwa Jumapili tarehe kumi na mbili, nyumbani kwa mama. Amesema mambo mawili tu yatatazamwa: mume anarudi lini, na kwa utaratibu gani. Kama anarudi au harudi, hilo halimo kwenye ajenda.

"Na mwenyewe ameulizwa?" nikamwuliza.

"Ataulizwa utaratibu," akasema mjomba.

Nilimweleza mdogo wangu nikiwa nafoka. Alikuwa anang'oa kifungo kilichovunjika kwenye shati la mtu. "Sawa," akasema. Nikamwuliza sawa nini. "Sawa, nimesikia."

Huyu naye! Angepiga kelele mara moja tu, au hata angetupa sufuria, ningejua yuko upande gani.

Aprili 4, Jumamosi

Nataka niandike haya kwa mpangilio, kwa sababu mkono unanienda mbio.

Mvua ilikuwa ya mawe. Onyesho la saa tisa lilikuwa na watu watano. Maji yamekuwa yakichuruzika ukutani tangu asubuhi, na nadhani ndiyo yaliyoingia kwenye nyaya za kabati langu. Filamu ikafika mwisho: dimbwi, bata, mlango, kicheko, weusi. Nikabonyeza swichi. Hakuna. Nikabonyeza tena. Giza tupu. Wale watano wakapapasa mpaka mlangoni wakinitukana, wakatoka. Mimi nikabaki nimesimama na ufagio, nikingoja fundi wa mashine huko juu azime.

Hakuzima. Muziki ukaendelea, mdogo, wa filimbi. Giza likakaa, nahesabu, kama sekunde arobaini. Halafu skrini ikawaka.

Ni asubuhi. Ni ndani ya ile nyumba. Meza imetandikwa, kikombe kimoja cha chai kinafuka. Mke amekaa, anapaka siagi. Kwenye kiti cha pili, juu ya mto, amekaa bata. Mke anamkatia bata kipande cha mkate. Picha inasogea taratibu mpaka dirishani, na nje ya kioo, kwenye ngazi, yupo mume. Amelowa, kofia imemlegea masikioni, anaangalia ndani. Mke anainuka. Anavuta pazia. Ndipo yanakuja majina ya watu.

Bata ndiye aliyeingia.

Nilikaa chini, kwenye sakafu yenye maji. Wiki tano. Mara mbili kila siku. Mji mzima umemsamehe yule mtu, mama yangu amelia machozi, mjomba ameandika ajenda, na yote kwa sababu mimi naona weusi nawasha taa nikawahi kufagia!

Aprili 5, Jumapili

Nimempandia fundi wa mashine kwenye kibanda chake kabla hajavua koti.

"Wewe ulijua kuna kipande baada ya giza?"

"Kipande gani?"

"Cha bata mezani."

Alinitazama kama niliyelewa. "Mimi huzima nikiona taa zako zimewaka. Taa za mwenye taa ndizo mwisho."

"Na mimi huwasha nikiona weusi wako!"

"Basi," akasema, akijikuna kidevu, "hakuna aliyekosea."

Nikamwuliza filamu ngapi tumezifanyia hivyo kwa miaka kumi na moja. Akaanza kuhesabu kwa vidole, halafu akaacha, akaniomba nisimwambie meneja.

Tumepatana. Jumapili ijayo, saa tisa, mimi sitawasha na yeye hatazima.

Aprili 6

Nilimwambia mdogo wangu usiku nikiwa nimemshika mkono: mwanamke hakumsamehe, alivuta pazia, kicheko kile kilikuwa cha dharau! Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Dada," akasema, "niachie mkono, pasi inaunguza."

Nimegombana na ukuta usiku kucha.

Aprili 9

Jua limetoka kwa muda wa saa moja tu. Tukakimbia na mashuka nje. Yote yamelowa upya.

Aprili 12, Jumapili

Kikao kilianza saa saba. Sebule ya mama ina viti vinne, tulikuwa watano, mimi nikakaa kwenye kibao. Shemeji alivaa suti. Mdogo wangu alikuja moja kwa moja kutoka kazini, mikono imekunjamana kwa maji.

Mjomba alizungumza nusu saa. Alitaja ndoa kuwa ni jengo, kisha kuwa ni safari, kisha kuwa ni bustani. Nilisubiri aseme ni baiskeli. Akamalizia: "Na hata ile filamu, ambayo wote hapa tumeiona, imetupa mfano. Mke alicheka. Mlango ukafunguliwa. Kwa hiyo tujadili tarehe."

"Mwisho sio ule," nikasema.

"Mpwa wangu, hujapewa nafasi."

"Ule mwisho mliouona niliukata mimi. Mwisho wenyewe unakuja baada ya giza. Ukumbi ni mwendo wa dakika kumi, na mashine inaanza saa tisa. Kama filamu ndiyo shahidi wenu, shahidi amalize kusema."

Shemeji akatabasamu. Aliiona mara tatu, lakini nikamtazama nikajua: huko nako kuna mwenye taa mwenye haraka. Hajui. Mama akasema giza linamuumiza magoti. Mjomba, ambaye miaka thelathini aliandika maneno ya mashahidi bila kumhoji hata mmoja, macho yakamng'aa. "Kikao," akasema, "kinahamia eneo la tukio."

Tukaenda na miavuli mitatu. Wakakaa mstari mmoja: mjomba, mama, shemeji, kiti kitupu, mdogo wangu. Nikazima taa, na leo, badala ya kukaa nyuma ya pazia langu, nikaenda kukaa mbele kando, nigeuke niwaone nyuso. Nilitaka kuiona ya shemeji ikifika mwisho. Nilikuwa na njaa nayo wiki nzima.

Kuna kipande ambacho sijakiandika humu tangu filamu ianze, kwa sababu kila kikikaribia mimi hutoka kwenda kumwaga ndoo. Leo sikutoka. Ni pale mke anapomtafuta mume mochwari. Mhudumu anavuta droo: jitu la ndevu. Anavuta nyingine: kikongwe. Nyingine: chakula chake cha mchana. Ya nne, maiti inapiga chafya. Ukumbi mzima huangua kicheko. Ni kipande kinachopendwa kuliko vyote.

Shemeji alianza kucheka kabla hakijafika. Alimgusa mama begani. "Mama, subiri. Subiri! Huyu wa sasa! Huyu anapiga chafya!" Na ilipopiga akajipiga paja, akainama mbele, pumzi zikamwishia.

Mdogo wangu hakuwa anaangalia skrini. Aligeuza kichwa akamtazama yeye. Alimtazama tangu droo ya kwanza mpaka ya mwisho, na mwanga wa picha ulikuwa unampitia usoni, mweupe, mweusi, mweupe.

Mwaka ule tulikwenda mochwari mbili, mimi na yeye. Ya hospitali kubwa tulikwenda mara tatu. Mara ya kwanza mhudumu alimwuliza mtu wake ana alama gani, akasema kovu la pasi, mkono wa kushoto. Mara ya tatu mhudumu alimwita kwa jina lake, akamletea kiti.

Filamu ikaenda ikafika mwisho. Dimbwi, bata, kicheko, weusi. Sikuinuka. Watu wakapiga kelele, "Taa, wewe mama!" Wengine wakatoka kwa kupapasa. Likapita lile giza, ikaja asubuhi, ikaja meza, akaja bata juu ya mto wake. Mume dirishani. Pazia.

Nikaenda kuwasha. Nilikuwa na furaha mbaya. Nikarudi nikasimama mbele yao na mikono kiunoni, nikingoja.

Kisha mjomba akasafisha koo. "Izingatiwe kwamba mlango hatukuuona ukifungwa kwa ufunguo."

"Anamkomesha tu," akasema mama. "Akimaliza chai atamfungulia. Mwanamke gani anavuta pazia kama hajali? Asiyejali analiacha wazi."

"Bata kwanza, mimi baadaye!" akasema shemeji, akifuta macho. "Shemeji, nashukuru, kumbe tulikuwa tunaibiwa mzaha mzuri namna hii!"

Nilitaka kumtwanga na ufagio. Naapa. Nilidhani kitu kikionekana, kimeonekana. Kumbe hata ungewapa filamu ya urefu wa saa tatu ya yule mwanamke akikataa kwa mdomo wake, wangetoka wakisema kakubali kwa macho.

"Mimi mwisho sikuuangalia," akasema mdogo wangu.

Alikuwa bado amekaa. Mama akamwuliza alikuwa anaangalia nini basi.

"Yeye. Anavyocheka." Akamgeukia. "Ulipoondoka, unajua nilikutafuta wapi?"

Shemeji akatazama huku na huku kama anayemtafuta aliyeulizwa. "Kwa... ndugu? Kituoni?"

"Mochwari. Mara tano. Mmoja alikuwa na kimo chako, wakamfunua polepole, mimi nikaomba awe wewe, ili niende nyumbani."

Na hapo shemeji angeweza kunyamaza. Ningemchukia maisha yangu yote, lakini ningesema alinyamaza. Akafungua mikono, akatabasamu lile tabasamu lake la zawadi.

"Sasa si ulipaswa kufurahi, mke wangu? Si hukunikuta!"

Akacheka. Akacheka peke yake ndani ya ukumbi wenye viti mia mbili, na kicheko kikaenda mpaka ukuta wa nyuma kikarudi.

Mdogo wangu akainuka, akachukua mwavuli. "Mjomba, andika kwamba nimekataa. Hoteli inataka mashuka yake saa moja."

Akatoka. Hakukimbia.

Aprili 13

Shemeji ameondoka na basi la asubuhi. Mama haongei na mimi. Fundi wa mashine amesema ile ndiyo filamu ndefu kuliko zote alizowahi kuonyesha.

Aprili 16, Alhamisi

Siku tatu nimekuwa naimba. Nikiinama chini ya kamba, nasema: "Ulimwonyesha!" Nikiosha kikombe: "Uso wake ulikuwaje!" Leo asubuhi mdogo wangu akaweka pasi chini.

"Dada, yeye alimpeleka mama kwenye ile filamu ili inisemee. Wewe ukanipeleka mimi kwenye filamu ileile ili inisemee. Tofauti yenu ni sekunde arobaini."

Nikawaka. Nikamwambia hana shukrani, kwamba bila mimi angekuwa sasa hivi anapiga pasi suti ya yule mhuni. Nikamwambia miaka sita nimekunja mashuka yake. Nikamwambia mengi, kwa sauti, mpaka jirani akafunga dirisha. Mdogo wangu alisubiri niishiwe, kama mtu anayesubiri mvua akiwa chini ya kibaraza cha duka.

Niliishiwa kama saa tano. Nikaketi juu ya rundo la taulo. Hasira ilikuwepo bado, lakini haikuwa na mahali pa kwenda, maana wa kumkasirikia alikuwa mimi mwenyewe niliyekaa pale.

Nikamwuliza swali ambalo msimu mzima hakuna aliyemwuliza. Si mume, si mama, si mjomba, si mimi niliyelala chumba cha mbele. "Kwani wewe unataka nini?"

Nadhani hakulitarajia.

"Nataka siku moja nikae kwenye hii nyumba peke yangu," akasema. "Kutwa. Bila mtu kunitazama niko vipi. Sijawahi. Nilitoka kwa mama nikaja kwa mume, mume akaondoka asubuhi, wewe ukaja jioni."

"Nihame?"

"Sijasema uhame. Nimesema siku moja." Akaichukua pasi. "Tuanzie hapo."

Aprili 19, Jumapili

Hakuna kazi leo. Wanatengeneza paa la ukumbi. Mvua imekatika tangu juzi. Nimetoka saa moja asubuhi, nimwachie nyumba kutwa. Alikuwa bado amelala, au alijifanya, nami sikusimama kusikiliza ipi.

Nimekwenda sokoni sikununua kitu. Nimekwenda kwa mama. Amenifungulia, amenipa maji, hajanipa neno, nikanywa nikaondoka. Saa tisa nimekaa kwenye benchi la kituo cha mabasi, ninakoandikia haya. Hasira yangu nimekuja nayo, imekaa hapa kando yangu, imenyamaza kidogo. Mara tatu nimesimama nirudi kuangalia kama amekula. Mara tatu nimekaa.

Mzee mmoja mwenye furushi ameniona nilivyokaa muda mrefu, akaniuliza nasubiri gari lipi, lisije likaondoka likaniacha.

Nimemwambia sisubiri gari. Nasubiri saa kumi na mbili.